UDUVI WA LANGONI: MAISHA YA ROY WORTERS
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika kurasa za jarida letu tumezoea kusoma maisha ya wanasiasa, waandishi na wanariadha wetu wa mbio ndefu. Leo naomba ruhusa niwapeleke mbali kidogo, hadi Kanada na Marekani, tukakanyage barafu, ili niwasimulie habari za bwana mmoja aliyefariki mwaka 1957. Jina lake ni Roy Worters. Alikuwa kipa wa mpira wa magongo wa barafuni, na mpaka leo hakuna mchezaji mfupi kuliko yeye aliyewahi kucheza katika Ligi ya Taifa ya mchezo huo, ile inayojulikana kwa herufi NHL.

Kwa nini nimemchagua yeye? Ni kwa sababu kuna swali ambalo halinitoki kichwani. Je, kimo cha mtu ndicho kinachoamua kama anafaa kusimama langoni? Wengi watajibu haraka haraka kwamba ndiyo, kipa lazima awe mrefu, basi. Lakini mimi nikisoma maisha ya Worters naona jambo jingine. Kimo hakiamui kama utadaka. Kinaamua utadaka vipi. Wahenga walisema mchele mmoja mapishi mbalimbali, na udakaji nao ni vivyo hivyo.

Kabla sijaendelea, inafaa tuuelewe mchezo wenyewe. Kila timu huwa na watu sita barafuni, mmoja wao akiwa kipa. Wachezaji huvaa viatu vyenye makali ya chuma chini, wakateleza kwa kasi ya kutisha. Hawapigi mpira wa mviringo bali kisahani cha raba ngumu chenye upana wa inchi 3, unene wa inchi 1 na uzito wa gramu kama 170. Kisahani hicho kikikupata usoni si mchezo. Lango lenyewe ni dogo: upana futi 6 na kimo futi 4, yaani sentimita 183 kwa sentimita 122. Tafadhali kumbukeni vipimo hivi, maana hadithi yote imesimama juu yake. Na msidhani kuwa mchezo huu ni wa watu wa nchi za baridi pekee. Mwaka 2005 uwanja wa barafu ulifunguliwa katika hoteli moja jijini Nairobi, vijana wetu wakaanza kujifunza, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Sasa turudi kwa bwana wetu. Roy Worters alizaliwa mjini Toronto, Kanada, tarehe 19 Oktoba 1900. Alikua akafika futi 5 na inchi 3, yaani sentimita 160 hivi, akagoma hapo. Uzito wake ulikuwa kilo 61 tu. Kwa sababu hiyo watu walimbandika jina la utani la Shrimp, kwa Kiswahili uduvi, yule kamba mdogo kabisa ambaye kule Pwani huanikwa juani mpaka akauke. Hebu fikiria kuitwa uduvi mbele ya maelfu ya watazamaji! Lakini jina hilo halikumzuia. Mwaka 1920 alikuwa katika kikosi cha vijana cha Toronto Canoe Club kilichonyakua Kombe la Memorial, kombe kubwa la vijana wa Kanada. Baadaye akavuka mpaka akaenda Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma nchini Marekani, akalinda lango la timu ya ridhaa iliyoitwa Yellow Jackets. Timu hiyo ikawa bingwa mwaka 1924, na mwaka 1925 ikatwaa ubingwa tena. Mwaka huo huo wa 1925 mji wa Pittsburgh ukaingizwa katika NHL kwa jina la Pirates, na wengi wa wale vijana wakaingia pamoja na kipa wao. Hivyo ndivyo uduvi alivyotumbukia katika bahari ya papa.

Hapa yafaa tujue makipa wa siku zile walidaka vipi. Zamani sheria zilimkataza kipa kuanguka kwenye barafu makusudi ili azuie kisahani. NHL iliondoa katazo hilo Januari 1918, lakini desturi haifutiki kwa siku moja. Kipa mwema alihesabiwa kuwa yule anayesimama wima, miguu pamoja, gongo mbele yake. Aidha, makipa hawakuvaa barakoa. Uso ulikuwa wazi hivi hivi, kwa hiyo kupeleka kichwa chini karibu na makali ya viatu na kisahani kinachoruka kulikuwa ni kuitafuta hospitali.

Basi tupige hesabu, na walimu wa hisabati watanisahihisha nikikosea. Mwamba wa juu wa lango uko sentimita 122 kutoka chini. Worters alikuwa na sentimita 160. Maana yake, aliposimama wima kichwa chake kilipita mwamba kwa sentimita 38! Kumbe basi, katika mtindo wa kusimama, juu hapakuwa na shida. Mfupi na mrefu wote waliuziba urefu wa lango bila taabu. Shida ya Worters ilikuwa upande kwa upande. Mtu mpana akisimama tu katikati huwa ameshaziba sehemu kubwa, hata akilala usingizi kisahani kitamgonga. Mwembamba wa kilo 61 akisimama tu, anaacha mianya kulia na kushoto. Hana budi afike pale kisahani kinapokwenda. Mrefu na mpana anaweza kuwa ukuta, lakini mdogo lazima awe mlango unaofungwa kwa wakati.

Isitoshe, mwaka 1927 ligi ilipunguza upana wa pedi za miguuni kutoka inchi 12 hadi inchi 10. Kwa mtu mdogo kila inchi ilikuwa mali, na hapo akapokonywa nyingine.

Worters alifanyaje? Kinachokumbukwa zaidi ni mikono yake. Alikuwa miongoni mwa makipa wa kwanza kutumia mgongo wa glavu kupangua kisahani na kukielekeza kwenye kona za uwanja. Jambo hili laonekana dogo, lakini tulifikirie vizuri. Shuti likimgonga kipa kifuani, kisahani hudondoka palepale mbele ya lango, na washambuliaji hukirukia kama kuku walioona mtama. Kipa jitu la kilo 90 anaweza kusukumana nao. Mwenye kilo 61 atakanyagwa. Kwa hiyo mimi naona kwamba Worters alipangua kisahani kwenye kona ili vurugu isiwepo kabisa. Alimaliza ugomvi kabla haujaanza. Hayo ni maarifa yaliyozaliwa na mwili mdogo, ingawa baadaye yaliwafaa hata wenye miili mikubwa.

Kuna ujanja wa pili ambao kipa mdogo wa mchezo wowote anauhitaji, nao ni kutoka langoni na kuziba pembe. Kama hunipati, fanya jaribio hili usiku stima ikipotea. Washa koroboi, kisha weka kiganja chako karibu na ukuta. Kivuli chake ni kidogo, kama kiganja chenyewe. Sasa sogeza kiganja polepole kuelekea koroboi. Kivuli kinapanuka mpaka kinafunika ukuta mzima, na mkono wako haujaongezeka hata unywele. Mpigaji ndiye koroboi, lango ndilo ukuta, na kipa ndiye kiganja. Kipa mdogo akimsogelea mpigaji, anakuwa mkubwa. Lakini kila kitu kina gharama. Akitoka mno, mpigaji hutoa pasi kando na lango linabaki wazi nyuma yake. Mrefu ana nafasi ya kukaa nyuma na kungoja. Mfupi hana raha hiyo, kwa hiyo lazima macho na miguu yake ijue saa ya kutoka na saa ya kurudi.

Kama kuna mtu aliyedhani uduvi atavunjika upesi, alipata jibu tarehe 26 Desemba 1925. Siku hiyo Pittsburgh ilipambana na New York Americans. Timu hizo mbili zilipiga mashuti 141 kwa jumla: New York 73 na Pittsburgh 68. Worters alizuia 70 kati ya yale 73. Wapenzi wasomaji, mashuti 70 katika mechi moja! Hata hivyo alishindwa mabao 3 kwa 1, kwa sababu kipa wa upande wa pili, Jake Forbes, naye alizuia 67. Hapo ndipo utajua kazi ya kipa haina shukrani. Unaokoa mara 70, unaambiwa umefungwa 3.

Msimu ule ule kulitokea jambo la huzuni ambalo baadaye lingemgusa Worters kwa njia asiyoitarajia. Mnamo tarehe 28 Novemba 1925 timu yake ya Pittsburgh ilicheza dhidi ya Montreal Canadiens. Kipa wa Montreal alikuwa Georges Vezina, mtulivu ambaye hakuwa amekosa mechi hata moja tangu mwaka 1910. Usiku ule alikuwa na homa kali, akatoka uwanjani asirudi tena. Kifua kikuu kilimuua Machi 1926. Klabu yake ikatoa tuzo yenye jina lake ili apewe kipa wa timu iliyofungwa mabao machache zaidi katika msimu. Tuliweke hilo akilini.

Mwaka 1928 Worters alikosana na klabu yake kuhusu mshahara. Alikataa kurudi kazini mpaka aongezewe, ligi ikamsimamisha, na mwishowe akauzwa kwa New York Americans kwa dola 20,000 pamoja na kipa mwingine aliyepelekwa Pittsburgh. Mtu wa sentimita 160 aliijua thamani yake, na hakukubali apimwe kwa rula. Mwenye timu hiyo ya New York alikuwa Bill Dwyer, jamaa aliyetajirika kwa kuuza pombe ya magendo wakati pombe ilipopigwa marufuku nchini Marekani. Timu yenyewe ilikuwa imeburura mkia katika kundi lake msimu uliotangulia.

Kilichofuata kiliwashangaza wengi. Katika msimu wa 1928 hadi 1929 Worters alicheza mechi 38, na katika 13 kati ya hizo hakufungwa hata bao moja. Alifungwa wastani wa bao 1.15 kwa mechi. Ile timu ya mkiani ikamaliza ya pili katika kundi. Katika mchujo ilikutana na jirani zake New York Rangers, na kwa mechi mbili nzima Worters aliruhusu bao moja tu, tena katika muda wa nyongeza. Bao hilo moja ndilo lililowatoa. Nisiwafiche ukweli: msimu ule mabao yalikuwa haba kote, maana sheria zilibana sana pasi za kwenda mbele, na George Hainsworth wa Montreal alimaliza mechi 22 bila kufungwa. Kwa hesabu tupu Worters hakuwa wa kwanza. Lakini tuzo ya Hart hutolewa kwa mchezaji mwenye manufaa makubwa zaidi kwa timu yake, na waliopiga kura walijua bila yeye Americans ingekuwa wapi. Wakampa. Akawa kipa wa kwanza kabisa katika historia kuipata tuzo hiyo. Hadi mwaka 2025, ni makipa wanane tu walioipata.

Msimu uliofuata pasi za mbele zikaruhusiwa, mabao katika ligi yakawa kama mara mbili, na Worters naye akaonja machungu. Mnamo 1930 aliazimwa na Montreal kwa mechi moja, akashinda, akarejea kwake. Kisha katika msimu wa 1930 hadi 1931 akasimama tena. Katika mechi 44 timu yake ilifungwa mabao 74 peke yake, na Worters akapewa tuzo ya Vezina, tuzo ya yule marehemu aliyetoka uwanjani akiwa na homa timu zao zilipokutana. Pamoja na hayo Americans haikufika kwenye mchujo, kwa kuwa ililingana pointi na Montreal Maroons ikazidiwa kwa idadi ya ushindi. Kipa bora wa ligi akaenda nyumbani mapema.

Aliendelea hadi 1937, ngiri ilipomlazimisha kutundika glavu. Alikuwa amecheza mechi 484 za ligi. Hakuwahi kushinda Kombe la Stanley, na mechi alizopoteza ni nyingi kuliko alizoshinda, kwa sababu timu zake zilikuwa dhaifu. Alifariki kwa saratani ya koo tarehe 7 Novemba 1957. Mwaka 1969 jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo. Heshima ilikuja miaka 12 baada ya kaburi.

Sasa labda utauliza: mbona leo makipa wa NHL ni warefu kama minazi? Swali zuri. Miaka miwili baada ya kifo cha Worters, tarehe 1 Novemba 1959, kipa Jacques Plante alichanwa uso na kisahani, akashonwa, akarudi uwanjani akiwa amevaa barakoa, na tangu hapo barakoa ikaenea. Uso ukiwa salama, makipa hawakuogopa tena kwenda chini. Mtindo mpya ukatawala, uitwao mtindo wa kipepeo: kipa hupiga magoti yakiwa pamoja, miguu ikafunguka pembeni kama mabawa, akafunga sehemu yote ya chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini hapo ndipo urefu ulipopata thamani. Mrefu akipiga magoti, mabega yake bado yako karibu na mwamba. Mfupi akipiga magoti, juu ya mabega panabaki dirisha. Hesabu ile ile iliyomwokoa Worters akiwa amesimama ingemsaliti akiwa amepiga magoti. Ndiyo sababu wasaka vipaji walianza kutafuta watu kama Ben Bishop, mwenye sentimita 201. Mweke kando ya Worters, tofauti ni sentimita 41! Connor Hellebuyck, aliyepata tuzo ya Hart mwaka 2025, ana sentimita 193.

Hata hivyo, warefu nao wana taabu zao. Miguu mirefu huacha upenyo mkubwa katikati kabla haijafungwa, na mwili mrefu huchukua muda kushuka na kuinuka. Juuse Saros wa Finland, aliyeingia NHL mwaka 2015 akiwa na sentimita 180, anahesabiwa mfupi miongoni mwa makipa wa leo, na amejenga jina kwa wepesi wa miguu na kufika mapema mahali panapofaa.

Jambo hili linanigusa, sitaficha. Mimi nina sentimita 158, nami hulinda lango la darasa letu katika kandanda na mpira wa mikono. Nimeshaambiwa mara kadhaa eti nikatafute mchezo wa watu wa kiasi changu. Basi nikachukua futi ya kamba ya fundi cherehani nikapima. Lango la kandanda lina kimo cha sentimita 244. Hapo juu yangu pana sentimita 86 za hewa, na siwezi kujidanganya kuwa mimi ni Worters, kwa maana yeye mwamba wake ulikuwa chini ya kidevu. Lakini lango la mpira wa mikono lina kimo cha sentimita 200 na upana wa 300, mpigaji yuko karibu, na mkono ulionyooshwa wangu unaufikia mwamba hata bila kuruka. Huko kasi ya mguu na mkono hulipa sana. Kwa hiyo katika kandanda nafanya mazoezi ya kutoka na kuruka, na katika mpira wa mikono nafanya mazoezi ya miguu. Mtu ni yule yule, malango ni mawili, na mitindo ni miwili.

Ombi langu kwa walimu wa michezo na manahodha ni moja tu. Siku ya kuchagua kipa, msipange watu mstari mkamtazama wa mwisho kwa kimo mkamwondoa. Ulizeni kwanza lango lenyewe lina ukubwa gani na mchezo unataka kipa wa namna gani, kisha mpigieni kila mmoja mashuti kumi mhesabu. Nanyi wenzangu wafupi, msitosheke na kusema kuwa kimo si kitu. Kimo ni kitu. Kijueni chenu kwa sentimita, mjue kinawanyima nini na kinawapa nini, halafu mtafute mgongo wa glavu wenu. Roy Worters hakurefuka hata inchi moja kati ya siku aliyoitwa uduvi na siku aliyoshika tuzo ya Hart.